Mkeka wa Majina Mawili

Bi Tatu, somo yangu,

Shikamoo. Najua ungeitikia "marahaba, umekula?" kabla sijafunga mdomo. Nimekula. Wali na kambale, na nimeacha ukoko kwa sababu aliyekuwa akiupigania hayupo.

Leo Ijumaa, watu wametoka msikitini, mimi nimekaa barazani kwangu na daftari mapajani. Usinicheke. Ulipokuwa hai barua zako nilikusomea mimi, sasa sijui huko unasomewa na nani. Lakini nina mambo ya kukueleza, na makaburini nashindwa kusema kwa sauti. Nilijaribu juzi nilipokwenda kupalilia. Alipita mzee mmoja na jembe lake, akanitazama, akaharakisha mwendo.

Masika mawili yamepita tangu tukuzike. Kaburi lako halina neno, udongo umekaa vizuri, na mche ule ulioota kichwani nimeuacha kwa kuwa najua ungesema una kosa gani. Kibiti yenyewe ungeishangaa. Kila mtu sasa mfanyabiashara. Duka la ushirika limebaki kuta na popo, lakini ukitembea barabarani kutoka stendi mpaka sokoni huwezi kuhesabu vibanda: mitumba, betri, sabuni za harufu, soda zilizotoka kwenye friji la mafuta ya taa. Zamani tulikuwa tunapanga foleni kwa kipande cha khanga, leo mwenye khanga ndiye anayetukimbilia. Na mikeka ya plastiki imeingia, Bi Tatu. Ina picha ya tausi, haioti ukungu, inafutwa kwa tambara tu. Niliposimama kuitazama mara ya kwanza nilihisi kama nimemkuta mke mwenzangu kaketi jikoni kwangu.

Kikundi kipo. Usihangaike. Tuko kumi na wanane, banda limeezekwa bati, na mimi ndiye mwenyekiti tangu uondoke. Mwajuma bado anasema mwenyekiti alipaswa kuwa yeye, na anasema hivyo huku akinisaidia kuchemsha rangi, kwa hiyo namwacha aseme.

Kuna jambo limetokea wiki iliyopita ambalo wewe ndiye ulipaswa kulisikia kabla ya watu wote. Lakini siwezi kulieleza bila kurudi kwenye ule mkeka. Tulikaa miaka na miaka hatuutaji, wewe na mimi. Leo nautaja.

Nianze na katiba. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mhitimu wa darasa la saba peke yangu bandani, na kwa hiyo nilijiona karani wa mkoa. Bibi Maendeleo wa wilaya alipokuja kutwambia kikundi kisicho na katiba hakiandikishwi, mimi ndiye nilishika kalamu. Yeye anasoma, mimi naandika: mteja asibaguliwe kwa kabila, dini wala ulemavu. Wewe tangu asubuhi ulikuwa unachana ukindu kwa ukucha. Ukasema bila kuinua kichwa, "Ongeza na hali yake ya maisha." Bibi Maendeleo akauliza maana yake nini. Ukajibu kwamba ataelewa atakayeumia. Nikaandika. Halafu yeye akaongeza kwamba mwanachama atakayevunja kifungu hicho ataondolewa, na hilo pia nikaliandika kwa mwandiko mzuri.

Baadaye ulinieleza, siku tunachovya ukindu kwenye sufuria ya rangi nyekundu. Ulisema kule Mohoro ulikoolewa, ukili wa kwanza, ukanda wa mwanzo wa mkeka wa biharusi, unaanzwa na mwanamke aliyezaa. Wewe hukujaliwa. Na siku ya harusi ya mtoto wa dada yako, wanawake wamekaa duara wanasuka, ulinyoosha mkono kuchukua chane ya ukindu, wakakisogeza kikapu. Hawakukutukana. Walikisogeza tu, wakaendelea na nyimbo. "Waliniondolea kikapu, Zaituni," ulisema, na ukakoroga rangi kwa nguvu mpaka ikaturukia. Doa lile halikutoka kwenye khanga yangu, na mimi sikulisikitikia.

Sasa Omari. Omari fundi baiskeli wa pale stendi alikuwa mtu wetu sote. Ndiye aliyenifundisha kupanda baiskeli wakati kwetu Mtawanya walikuwa wanasema msichana akipanda baiskeli anaharibika. Alikuja Kibiti na Salumu muuza chapati, wakapanga chumba kimoja, baada ya miaka wakajenga nyumba moja. Mji mzima ulijua, na mji mzima ulinyamaza. Majina ya kuwaita watu kama wao yapo, na wewe ulikataza yasitamkwe juu ya jamvi lako. Chapati za Salumu walikula wote, hata wale waliotema mate wakishampita.

Siku ile Omari alikuja asubuhi, akavua kofia, akaketi pembeni ya jamvi kama mkwe. Alisema nyumba imekwisha, anataka mkeka mkubwa wa chumbani, na katikati yasukwe majina mawili, Omari na Salumu. Mikono ya wote ikasimama. Kwetu mkeka wa majina mawili ni wa harusi. Hata ndugu wa tumbo moja hawaagizi. Yeye alilijua hilo kama sisi, na ndiyo maana alikuwa anatokwa na jasho asubuhi ya baridi.

Nakumbuka ulivyosema, neno kwa neno: "Mkeka nitakusukia, mwanangu. Majina, mkono wangu hautayasuka."

Akauliza kwa nini. Ukamwambia kila jina unalolisuka unalisomea dua, na mtu akisuka majina ya mume na mke ni kama amekaa kwenye ndoa yao akaishuhudia. Hilo dini yako haikuruhusu. Hukupandisha sauti. Yeye pia hakupandisha. Alisema, "Haya, mama," akavaa kofia, akaondoka akiwa amesahau pampu yake ya baiskeli pale mlangoni.

Mimi nilichemka. Nilikuona umekisogeza kikapu wewe mwenyewe, wewe uliyeniambia namna kinavyouma kikisogezwa. Ningeweza kuja kwako jioni, nikaketi, nikasema somo, hili limekaaje. Mtoto mwenye adabu angefanya hivyo. Mimi nilingoja siku ya mkutano, nikasimama, nikafungua daftari, nikakisoma kile kifungu kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Nilikisoma mpaka mwisho, mpaka pale pa kuondolewa. Nilikuwa natazama karatasi, sikukutazama wewe. Wewe ndiye uliyenishika mkono siku ya unyago wangu, na mimi ndiye nilikusomea kifungu cha kukufukuza kwenye kikundi ulichokianzisha kwa kapu lako na jamvi lako.

Bandani pakawaka. Mwajuma, aliyekuwa hamtaki Omari hata kwa kuonja, aligeuka wakili wake, sheria ni sheria, mwenyekiti aondoke. Wengine wakasema la kuondoka hapa ni lile agizo, na wale mabwana wawili wakasemwe ofisini, serikali inajua pa kuwaweka. Na kweli inajua. Daftari letu lilikuwa na kifungu chake, lakini nchi ina sheria zake, na hizo zingewatia ndani wote wawili.

Hapo ndipo uliposimama. Uliinuka kwa shida, goti lako lilikuwa limeanza. Ukasema, "Atakayekwenda ofisini kumsema Omari, jamvi langu halimjui tena. Mie nimekataa kusuka, sikukataa ili mtu afungwe." Kisha ukaketi, ukachukua chane zako. Mchimba kisima ameingia mwenyewe, Mwajuma alinong'ona, na wewe ulisikia. Mkutano ukaahirishwa kwa wiki moja.

Wiki ile sikuja kukuamkia. Najua ulihesabu siku, kwa sababu mimi pia nilizihesabu. Siku ya sita, jua halijakaza, nikakuona unakuja peke yako na mzigo kichwani, unachechemea. Hukupiga hodi. Uliweka mzigo barazani na kuufungua, na ndani yake mlikuwa na kili kumi na mbili, zimesukwa, zimenyooshwa, zimekunjwa. Ukindu ule mweupe wa Mbwara uliokuwa ukiuficha juu ya dari, mwekundu wako wa rangi ya damu ya mzee, na suka ya kubana ambayo mpaka leo siiwezi.

"Mkeka wa chumbani unataka kumi na tatu," ulisema. "Wa katikati sikuusuka. Usuke wewe, ikiwa mkono wako unakubali. Mlango ni wa kikundi, hatumfungii mtu. Lakini mkono ni wangu, asinishike mtu."

Nililia, na wewe ukaniambia niache kulowesha ukindu.

Lilikuwa jambo jepesi vile, na sisi tulikuwa tumekaribia kuvunja kikundi. Kwani lini mkeka ulisukwa na mtu mmoja? Huyu anachana, huyu anachovya, huyu anasuka ukili, mwingine anashona. Mkutano ulipokaa tena nilisimama nikakuomba radhi mbele ya watu, na wanawake wakakubali kwa vichwa: mteja asirudishwe, na mwanachama asilazimishwe kusuka kinachomgombanisha na Mola wake, mradi mwenzake wa kusuka apatikane. Tulikubaliana kwa mdomo. Mimi karani sikuliandika. Nilijiambia kila mtu yupo, kila mtu amesikia, ya nini kuharibu karatasi. Kosa hilo ni langu, na utaona lilinirudiaje.

Nilisuka majina siku tatu, nikaunganisha kili zote kwa mkono wangu, nikampelekea. Omari aliukunjua pale pale mlangoni, akapitisha kiganja juu yake. Akasema hizi za Bi Tatu. Nikasema ndiyo. Akagusa wa katikati, akasema na huu? Nikasema wangu. Akaukunja tena, akasema, "Basi nimepata mkeka." Nilitaka afurahi zaidi. Nilitaka anishukuru, na akushukuru wewe. Ujana una haraka ya kushukuriwa.

Unakumbuka pia kwamba kwa muda mrefu alikuwa anakusalimia kutoka ng'ambo ya barabara, bila kuvuka. Ulikuwa unaitikia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mpaka goti lilipokulaza, na mganga akasema ufike zahanati kila Jumatano, na Jumatano ya kwanza nilipokuja kukuchukua nikakuta Omari ameshafika, amefunga mto wa pamba kwenye karia. Ulikaa upande upande, umeshika khanga kwa meno, unamgombeza kwa kila shimo. Yeye anakujibu kwamba mashimo ni ya serikali. Mligombana kuhusu mashimo, kuhusu mwendo, kuhusu breki, kuhusu chapati za Salumu kama zina chumvi nyingi. Kuhusu lile moja hamkugombana kamwe. Niliwaona mkipita nikacheka peke yangu, na kama kuna picha moja nitakayoichukua nikifa ni hiyo.

Siku tuliyokuzika ulikuwa kwenye jeneza uani, sisi wanawake tumejazana ndani. Shehe akawauliza wanaume, kama wanavyoulizwa siku zote, mnamshuhudia vipi marehemu. Na kabla ya ile sauti ya pamoja, sauti moja ilitoka nyuma, imepasuka: "Mtu mwema." Ilikuwa ya Omari. Wengine wakafuata. Mwajuma alinitazama, mimi nikajifunika uso kwa khanga.

Sasa nifike wiki iliyopita.

Alikuja mnunuzi kutoka Dar es Salaam, kijana mstaarabu, miwani, viatu vimejaa vumbi letu. Anasimamia hoteli anayoijenga mwenye mali wake huko pwani, na anataka mikeka ya sakafu, vyumba vyote na ukumbi. Bi Tatu, agizo hilo lingetupa kazi mwaka mzima, tausi wa plastiki wangekoma. Alitoa karatasi yenye mchoro. Mikeka ya vyumbani maua, sawa. Mikeka ya ukumbini, pale wageni wanapoingia na viatu vyao, alitaka isukwe Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, mkeka mzima, na nyingine aya. Alisema wageni wanapenda, inapendeza macho.

Mimi ndiye pekee ninayejua kusuka herufi zile. Wewe ulinifundisha, za kutundika msikitini. Nikaitazama ile karatasi na mwili ukanikataa, sikuwa nimefikiri neno lolote bado. Jina la Mungu chini ya viatu. Nilisikia mdomo wangu ukisema, "Mikeka nitakusukia. Haya maneno, mkono wangu hautayasuka."

Nilipomaliza sentensi nikaitambua. Nikairudia polepole, neno kwa neno. Kijana akafikiri naumwa, akaniletea maji.

Nilimwambia nitayasuka kwa moyo wote kama yatatundikwa ukutani. Yeye alisema mwenye mali ameagiza sakafu, atampigia simu, atarudi baada ya siku tatu, lakini huenda wakachukua yote kwingine. Unajua yaliyofuata. Mkutano, na Mwajuma amesimama na daftari lile lile, karatasi zimegeuka njano, anasoma kifungu kile kile kwa mwandiko wangu mzuri. Mteja asibaguliwe. Mwanachama atakayevunja ataondolewa. Anasoma vizuri siku hizi, mjukuu amemfundisha. Aliposema mkuki kwa nguruwe, bandani walicheka, na mimi ningecheka kama ningekuwa si nguruwe.

Nikasema tulikubaliana siku ya mkeka wa Omari. Wakauliza imeandikwa wapi. Nusu ya wanachama wa leo hawakuwepo siku zile. Wengine wana watoto wa kusomesha na agizo lilikuwa linaondoka mbele ya macho yao, siwezi kuwalaumu. Wakasema pigeni kura.

Omari yupo kikundini sasa, hili hulijui. Tumemwandikisha mwaka jana kwa kuwa yeye ndiye anayefunga mizigo na kuipeleka kwenye mabasi, mwanachama wa kwanza mwanamume, na Mwajuma ndiye aliyempendekeza, basi ujue dunia inazunguka. Alikuwa amekaa kwenye mizigo yake. Aliinuka. Hajawahi kusema mkutanoni, na alivua kofia kama siku ile.

"Mimi nilinyimwa hapa hapa," alisema. "Iliniuma, na siwaongopei, mpaka leo inaniuma. Lakini sikufukuzwa. Bi Tatu alininyima mkono wake, hakuninyima mkeka, wala hakukubali nikasemwe ofisini. Mngemfukuza yule mama kwa ajili yangu, ningelala wapi? Juu ya mkeka uliomtoa mtu kwake? Mwacheni Zaituni. Atafutwe wa kusuka, na asipopatikana, mteja aambiwe ukweli."

Akaketi. Kisha Mwajuma, Bi Tatu, Mwajuma huyo huyo, akasema basi kama aliyeumizwa amesema hivyo, yeye ni nani. Kura hazikupigwa. Nikafungua karatasi mpya, nikaandika mbele yao lile ambalo nilipaswa kuliandika zamani: mlango usifungwe kwa mteja yeyote, wala mkono wa mwanachama usilazimishwe. Kijana wa Dar alirudi. Mwenye mali amekubali maua sakafuni na maneno ukutani, na akasema hakujua, na hakuna aliyemwambia. Nimeshaanza. Vidole vinaniuma vizuri.

Ningeweza kuishia hapo nikakuaga, na ingekuwa barua ya furaha tupu. Lakini kuna neno lako bado ninalo.

Zile siku zako za mwisho, nikikupa uji kwa kijiko, ulinishika mkono ukaniuliza, "Yule Omari, nilimkosea?" Nikakujibu hapana, somo yangu, hukumkosea. Nilijibu haraka, kwa sababu ulikuwa unaumwa na mimi nilikuwa naogopa. Ulifumba macho, lakini sikuona kama umeniamini.

Baada ya mkutano nilimfuata Omari kibandani kwake. Alikuwa anaziba tairi. Nikamweleza uliloniuliza na nililokujibu. Nikamwambia pia kwamba sasa nimekuelewa, maana mimi mwenyewe nimekataa. Akatia tairi kwenye karai la maji, akatazama povu linatoka wapi. Akasema, "Wewe ulikataa kazi ya mtu, yeye akaenda kubadilisha mchoro. Mimi sikuwa na mchoro mwingine." Nilikuwa nimejiona nimelingana nanyi wote wawili, kumbe nilikuwa nimesimama upande ulio rahisi.

Kisha akasema, "Alinikosea. Mwambie alinikosea. Na mwambie nilimsamehe siku ile ile, nilipoona alivyozibana zile kili." Nikamwambia marehemu haambiwi. Akasema, "Wewe si karani? Andika."

Ndiyo naandika. Nilikudanganya, Bi Tatu, nisamehe. Ulimkosea, naye amekusamehe, na dini yako ulikuwa na haki ya kuishika. Yote matatu ni kweli, na wewe ulikuwa na nguvu za kuyabeba hata kitandani. Mimi ndiye sikuwa na nguvu za kuyasema.

Lala salama, somo yangu. Mola akupanulie kaburi lako, akupe mahali pasiposogezwa kikapu. Huku tuko wazima, mvua ni nzuri, Mwajuma anakusalimia ingawa hajaniambia.

Na nakuahidi hili. Nitakaa mlangoni pa kikundi mpaka nizeeke na hautafungwa kwa mtu. Mkono wa mwenzangu sitaushika kwa nguvu. Na siku nitakapomuumiza mtu kwa imani yangu, maana siku hiyo itakuja, sitamwambia hakuumia.

Mwanao wa jamvini,
Zaituni